Waliosimama na Noa

Mama mkwe wangu, Ruthi, aliogopa jambo moja tu kuhusu mashamba ya mkonge, na halikuwa homa wala nyoka. Aliogopa mazishi ya huko. Baba yake Noa, mume wangu, alishuka Tanga kutafuta kazi Noa akiwa bado ananyonya, akafia huko huko, na habari iliyopanda milimani ikawa moja tu: amefariki. Nani alimwosha, nani alimchimbia, nani aliitikia amina, hakuna aliyejua. Wenye midomo walisema manamba akifa hutiwa kwenye gunia na kutupwa shimoni. Mama Ruthi hakuyasadiki maneno hayo, lakini hakuwa na la kuwajibu. Miaka yote ile, mtu akitaja Tanga barazani kwake kule Bumbuli, yeye aliinamia maharage yake akaendelea kuchambua.

Ndiyo maana siku tulipomuaga mimi na Noa, mwanzoni mwa mwaka 1953, hakutuambia tukafanye bidii wala tukaepuke pombe. Alimshika Noa mkono akasema, "Mwanangu, nenda. Lakini usiende kufa huko."

Noa akacheka. "Mama, kufa ni kwa Mungu."

"Basi mwombe."

Tuliandikwa kazi kwenye shamba la Mkungumo, kusini mwa mji, barabara ya Pangani. Noa aliwekwa kwenye korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge mpaka zinabaki singa, zile nyuzi zake, na mimi nikawa naanika singa juani. Tulipewa chumba kambini. Upande wa pili wa ukuta walikaa Laurenti na mkewe Bibiana, Waha kutoka Kasulu, Wakatoliki wa kusali rozari kwa sauti kubwa. Noa na Laurenti walifanya zamu moja. Bibiana ndiye aliyempokea mwanangu Lea kwa mikono yake, mkunga alipochelewa. Watu wengine tuliwajua kwa kuamkiana tu. Tulikuwa wageni, na kambi ilijaa watu wa kila upande, wengine wakizungumza lugha ambazo hata majina yake sikuyajua.

Mwaka uliofuata, baada ya Pasaka, masika yakiwa yamekolea, Noa alishikwa na kichomi. Zahanati ya shamba ilimpa dawa, na mganga alikuja kumwona mpaka chumbani. Asubuhi moja nilikuwa nimemshikia kikombe cha uji. Akanywa funda la kwanza, akanitazama, na la pili halikuteremka.

Sikulia hapo hapo. Mtu wa kwanza aliyenijia akilini alikuwa mama yake.

Kumpandisha Bumbuli haikuwezekana. Barabara ya kutoka Mombo kwenda Soni ilikuwa imekatwa na maporomoko, mabasi hayapandi, na joto la pwani halimngojei maiti. Ilikuwa lazima azikwe Mkungumo kesho yake, kwenye makaburi ya shamba kando ya barabara. Seremala alikuwa ameshaanza kuunga jeneza kwa mbao za masanduku ya vipuri. Nilikuwa nasikia nyundo yake. Nikamwita Laurenti.

"Shemeji," nilimwambia, "nataka mpiga picha."

Bibiana, aliyekuwa ameniegemeza kifuani, alimtazama mumewe kama kumwambia, msiba umeshampanda kichwani huyu.

"Picha ya nini, shemeji?" Laurenti aliuliza taratibu.

"Ya mazishi. Mama yake ataniuliza nani walikuwepo. Nikimwambia kwa mdomo atanisikia, lakini maneno ya mdomo alishaletewa mara ya kwanza. Safari hii nataka aone."

Laurenti alichukua baiskeli akaingia kwenye matope, mpaka mjini, mpaka Usagara kwa Bwana Harub, Mwarabu mwenye studio ambako mimi na Noa tulipiga picha Lea alipobatizwa.

Siku ya mazishi mvua ilikatika adhuhuri, lakini mbingu haikufunguka. Watu walikuwa wachache. Meli ilikuwa inangojea singa bandarini, korona haikusimama, na wengi waliotaka kuja walikuwa hawajamaliza kata zao, kazi waliyopimiwa ya siku. Mchungaji alizuiwa na mto uliofurika, akaja mwinjilisti, Mzee Ernesti, amevaa kola yake nyeupe na viatu amevishika mkononi. Walikuwepo Laurenti na Bibiana, majirani wa kambini, wanawake wenzangu wa kuanika, na Kombo, Mdigo wa kijiji cha jirani aliyezoea kutuuzia nazi. Kombo ni Mwislamu, na hakuna aliyemwita. Alipita asubuhi na nazi zake, akakuta watu wawili wanahangaika na kaburi lililojaa maji, akavua kanzu, akaitundika, akaingia ndani kuchota na kuchimba mpaka kazi ikaisha. Halafu akaivaa tena kanzu yake juu ya mwili wenye tope, akangoja.

Harub alifika kwa miguu. Gari lake lilikuwa limekwama, akaliacha njiani, akaja amepandisha kanzu mpaka magotini, kamera ameikumbatia kama mtoto, na miguu mitatu ya kuisimamishia imefungwa kwenye baiskeli ya Laurenti. Alinipa pole. Kisha akatazama jeneza, nikaona lipo jambo linalomtatiza.

"Dada yangu, niwie radhi," alisema. "Kwetu maiti hapigwi picha. Nimekuja kwa sababu huyu bwana amenisihi mpaka nikaona haya kumkatalia, lakini tangu njiani najiuliza nitafanyaje."

"Sikukuitia maiti, Bwana Harub. Jeneza limefungwa na halitafunguliwa. Nimekuitia hawa." Nikamwonyesha watu. "Mama yake yuko milimani. Nataka ajue kwamba mwanawe alikuwa na watu."

Aliwatazama. Nadhani naye aliona jinsi walivyokuwa wachache. Halafu akanitazama mimi, na Lea mgongoni kwangu, akasema, "Haya. Watu utawapata."

Akaanza kazi. Hakutupanga mstari kama watu wa arusi. Alituvuta karibu, na karibu zaidi, mpaka bega la mtu likagusa la mwenziwe. Wengine wakachuchumaa mbele, wengine wakapanda juu ya udongo uliochimbuliwa, na jeneza likawa katikati yetu juu ya viti viwili, limefunikwa shuka jeupe. "Sogea, bwana. Jaza hapo," alikuwa akisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msikitini. Jua likachungulia. Akainua mkono tungoje. "Jua litawatia vivuli machoni. Wingu likirudi nitawapata nyote." Tukangoja. Korona ilikuwa inavuma kwa mbali, na mtu mmoja alikuwa anakohoa. Wingu likarudi, Harub akaingiza kichwa chini ya kitambaa chake cheusi, na sote tukashika pumzi.

Alipomaliza aliifunga kamera vizuri, akaiweka pakavu, akaja kushika kamba pamoja na akina Laurenti. Alimshusha Noa kaburini kwa mikono yake mwenyewe. Sijui dini yake ilimruhusu au vipi.

Mvua zilipopungua tulikwenda mjini kuichukua picha, mimi na Bibiana. Harub alitukaribisha ndani, na mkewe, Muzna, akatuletea kahawa na haluwa. Kisha Harub akatoa picha mbili akaziweka mezani.

"Hii ndiyo ya kwanza," alisema. "Ilitoka na weusi mwingi, kama siku yenyewe ilivyokuwa, na mimi niliipenda. Lakini Muzna akaitazama akasema, mama mtu ni mzee huyo, hapa ataona giza tu. Nikarudi chumba cha giza nikatoa hii nyingine. Mbingu imepauka, lakini nyuso zimetoka. Chagua mwenyewe."

Nilichagua ya pili.

Weupe ndani yake ni mdogo. Kuna shuka la jeneza, kola ya Mzee Ernesti, kanzu ya Kombo penye nafasi bila tope, na macho ya Lea aliyegeuza shingo kuitazama kamera. Weusi ni wa udongo, ulioloa mpaka unang'aa. Vingine vyote ni kijivu, ila si kijivu kimoja. Kipo cha mawingu, laini kama pamba iliyochafuka. Kipo cha mkonge nyuma yetu, mistari kwa mistari, unafifia kadiri unavyokwenda mbali mpaka hujui shamba limeishia wapi na mbingu imeanzia wapi. Na kipo cha nyuso za watu, ambacho sijui nikiseme vipi. Ni kama jivu ambalo ukiligusa utakuta bado lina moto chini.

Siku ya mazishi mimi sikuyaona hayo. Nilikuwa naona mbao za jeneza tu. Ni picha iliyonionyesha kwamba mkono wa Bibiana ulikuwa kiunoni mwangu, kwamba Laurenti alikuwa amebana kofia kifuani kwa mikono yote miwili, kwamba mzee mmoja wa Kimakonde, ambaye sikuwahi kuzungumza naye hata neno, alikuwa analia mdomo wazi. Nilikuwa nimezungukwa na watu, na mimi nilidhani nimesimama peke yangu. Nikaanza kulia pale pale kwenye kiti cha Harub, nikimshukuru Mungu huku nalia, maneno yanagongana. Muzna akamchukua Lea akampakata mpaka nilipotulia.

Bibiana naye alikuwa ameinama juu ya meza. "Kanga yangu!" alisema ghafla.

Siku ile alikuwa amevaa kanga nyekundu, kwa sababu nguo zake nyingine zote zilikuwa zimelowa. Aliona aibu mazishi mazima, akawa anajificha nyuma yangu. Kwenye picha, ile nyekundu ilikuwa imetoka nyeusi, nyeusi ya heshima kabisa, kama iliyonunuliwa kwa ajili ya msiba.

"Bwana Harub, umenisitiri," alisema.

"Si mimi, dada. Kamera haijui nyekundu."

Tulicheka, sote. Nilishangaa kusikia sauti yangu mwenyewe.

Hapo ndipo nilipomwona mwanamke mmoja kwenye picha. Alikuwa pembeni kabisa, nyuma ya Kombo, amevaa buibui, na kichwani ana mzigo mrefu uliofungwa kamba. Uso wake ulionekana vizuri. Alikuwa anatazama jeneza. Bibiana hakumjua. Harub alisema hakumpanga yeye pale, labda aliingia dakika ya mwisho. Kambini niliipitisha picha chumba kwa chumba, wapi! Kombo peke yake ndiye sikumwuliza, maana alikuwa amevuka Horohoro kwenda kumuuguza dada yake upande wa Kenya.

Barabara ya Soni ilipofunguliwa, nilipanda Bumbuli na mtoto wangu. Mama Ruthi alikuwa ameshapata habari. Hakupiga ukunga aliponiona. Alimchukua Lea mgongoni kwangu, akanipa maji ya moto ya kunawa, akangoja nile kwanza. Kulikuwa na ukungu na baridi. Nilipomaliza nikamwekea picha mapajani, naye akasogeza kigoda mpaka mlangoni penye mwanga.

"Jeneza," alisema.

"Ndiyo, mama. La mbao. Na shuka."

Akaweka kidole juu ya lile shuka jeupe. Kisha akakipeleka kwenye uso wa kwanza. "Huyu nani?"

"Laurenti. Ndiye aliyekwenda kumwita mpiga picha. Walifanya kazi pamoja."

"Kwao wapi?"

"Kigoma, mama. Mbali sana."

"Ana mama?"

Sikujua. Akatikisa kichwa, akaenda kwa mwingine. Tulitumia alasiri nzima. Kila uso alitaka jina, na kwao, na alifanya nini siku ile. Kwa Bibiana nilimweleza habari ya kanga nyekundu, akacheka mpaka akajifuta macho, na nadhani machozi yalikuwa ya mambo mawili. Alipofika kwa Kombo kidole kilisimama. "Huyu hana uso."

"Alitikisika, mama. Aliona jembe linateleza kuingia kaburini akaliwahi."

"Ndiye aliyechimba?"

"Ndiye. Na hakuna aliyemwita."

Akakiacha kidole pale kwenye ule ukungu wa uso wa Kombo, muda mrefu. Halafu akamwona mwanamke wa pembeni. "Na huyu?"

"Huyu simjui. Hakuna anayemjua."

"Naye hakuitwa?"

"Hakuitwa, mama."

Mama Ruthi aliinua macho akatazama nje kwenye ukungu. Aliponigeukia uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyopata kuuona. "Nitashuka," alisema.

Ndugu wa ukoo walikataa kwa nguvu zote. Mdogo wake wa kiume alikuja jioni ile ile kumkanya. "Dada, umri umekwenda. Joto la kule litakuua. Unafuata nini, na marehemu ameshazikwa?"

"Nafuata kushukuru. Watu wamenizikia mwanangu. Niwatumie salamu kwa mtu, kana kwamba wameniazima jembe?"

Mimi nilitangulia kurudi Mkungumo. Mama Ruthi alingoja maharage yavunwe, akajaza vikapu, na mwezi wa Septemba nilimfuata Mombo tukapanda treni. Hakuwa amewahi kupanda treni maishani mwake. Alikaa wima safari nzima, picha ameifunga kwenye kitambaa ndani ya nguo, na kila kituo aliniuliza kama ndipo Tanga.

Stesheni, kabla sijamwonyesha mtu yeyote, nilisikia anaita, "Laurenti!" Alikuwa amemtambua ndani ya umati. Laurenti akaja mbio na baiskeli yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, mwanaume mzima yule, akamtazama usoni hivi na hivi. "Mama yako yu hai?"

"Yu hai, mama. Ila ni miaka sijamwona."

"Basi leo umeonwa na mama."

Laurenti alipiga kengele ya baiskeli bila sababu, akageukia mizigo.

Tulianzia kaburini. Alikaa chini kando ya kaburi akazungumza na mwanawe kwa Kishambaa, kwa sauti ya kawaida kabisa, akimpa habari za nyumbani, nani ameoa, ng'ombe gani amezaa. Akamwambia pia kwamba amewaona watu wake. Kisha akasimama, akajipangusa, akasema, "Twende kwao."

Alipita kambi nzima na kikapu chake cha maharage. Hakuhitaji nimtambulishe mtu. Aliwaita kwa majina kabla hawajajitaja, na watu walishangaa, wengine wakaogopa kidogo. Kwa yule mzee wa Kimakonde hawakuelewana sana kwa maneno, kwa hiyo walikaa tu wameshikana mikono mlangoni, na mzee akalia tena. Kombo, aliyekuwa amerudi, alipofika na nazi zake, mama Ruthi alimzunguka kumtazama vizuri.

"Kumbe wewe ndiye usiye na uso! Mbona unao, tena mzuri?"

Kombo alicheka mpaka nazi zikamwanguka. Alipoambiwa ameletewa maharage kwa kuchimba kaburi, alikataa, kisha akaona jinsi mama anavyomtazama, akapokea. Hata Harub na Muzna tuliwaendea mjini, na huko mama Ruthi alimshika Muzna mkono akamwambia, "Wewe ndiye uliyeyafikiria macho yangu." Muzna hakutegemea kushukuriwa. Alitazama chini, na alipoinua uso alikuwa analengwa na machozi.

Akabaki mmoja. Mama Ruthi alimwekea Kombo picha mkononi, akamwonyesha mwanamke wa pembeni.

Kombo hakutazama uso kwanza. Alitazama mzigo. "Hii ni miyaa," alisema. "Majani ya ukindu ya kusukia mikeka. Wanakata huku juu, wanarudi nayo Tongoni." Akaisogeza picha karibu na jicho. "Ahaa! Mwatumu huyu. Nyumba yake naijua."

Tulikwenda na basi la Pangani, tukashuka Tongoni, Kombo akatufikisha. Mwatumu alikuwa barazani kwake anasuka mkeka, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye vidole vyepesi visivyosimama hata alipotukaribisha. Tuliamkiana. Kombo akaeleza, mama Ruthi akatoa picha, na Mwatumu alipojiona aliacha kusuka akajiziba mdomo kwa kanga.

"Subhanallah! Mie huyu? Nani kanipiga?"

"Yule bwana aliyekuwa na kamera ya miguu mitatu," nilimwambia.

"Ile kamera? Mie n'lidhani mtu wa serikali anapima barabara!"

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Mwatumu alipotulia, mama Ruthi alisogea kwenye mkeka, akakaa karibu naye.

"Mwanangu, yule aliyekuwa kwenye jeneza ni mtoto wangu. Nimetoka milimani kuja kukuuliza jambo moja tu. Kwa nini ulisimama?"

Mwatumu alifikiri. Alikuwa mtu wa kusema kweli, na niliona anatafuta kweli yenyewe ilivyokuwa.

"Bibi, nikudanganye ya nini? N'litoka kukata miyaa, mzigo umenichosha shingo. Nikasikia watu wanaimba. N'katazama, n'kaona maiti, na watu wenyewe wachache. N'kasema, huyu watu wake wachache, na mie sina haraka, hebu niongeze mmoja. N'kasimama mpaka mlipomshusha. N'kaomba dua yangu kimyakimya, n'kenda zangu." Akafungua viganja. "Basi. Sikufanya kitu."

Mama Ruthi akaanza kupiga magoti, na Mwatumu akamdaka mabega. "Aka, bibi! Usinipigie magoti, utanitia dhambini. Wewe mama yangu." Wakabaki hivyo, mmoja anataka kushuka na mwingine anamzuia, mpaka ikawa wamekumbatiana. Mama Ruthi alikuwa anashukuru kwa Kishambaa, mfululizo, bila kupumua, na Mwatumu ambaye hakujua hata neno moja alikuwa anaitikia, "Ewaa, bibi. Ewaa."

Baadaye Mwatumu aliuliza, "Alikuwa akiitwa nani?"

"Noa," alisema mama Ruthi.

"Kwetu ni Nuhu. Basi, nikiwarehemu maiti wangu siku za Ijumaa, na yeye nitamtaja."

Alitupikia wali wa nazi na samaki changu. Mama Ruthi, aliyekuwa na habari mbaya sana za samaki wa baharini, alimtazama yule samaki machoni, akaomba baraka kwa kirefu kuliko kawaida, akala. Akamaliza. Akauliza kama kuna mwingine.

Tulikuwa tumepanga kurudi jioni ile, lakini basi halikupita, tukalala kwa Mwatumu. Asubuhi nilikwenda barabarani na Lea kungojea, na niliposikia mlio wa basi nilirudi mbio kumwita mama. Nilimkuta amekaa barazani na Mwatumu, ukindu umetapakaa miguuni, anajaribu kusuka. Mistari yake ilikuwa imepinda vibaya. Mwatumu alikuwa anaifumua kwa upole na kumrudishia mkononi.

"Mama, basi limefika!"

"Mwambie dereva aende," mama Ruthi alisema bila kuinua kichwa. "Tutapanda la kesho."